Unakarabati jikoni? Hobu ifike nyumbani kabla fundi hajawasha greinda (uzi mrefu kidogo)

#1 Mamboleo_Juu (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za wikendi. Kila mara humu mtu huuliza "hobu gani nzuri", yaani lile jiko linalopachikwa kwenye tundu la kaunta, anatajiwa kampuni kumi, anakwenda kununua, kisha anarudi kulia kwamba haiingii kwenye tundu. Jikoni kwangu hapa Mamboleo, Kisumu, kumekamilika majuzi, kwa hiyo wacha niweke yale ambayo muuza duka hakuambii. Kampuni ya kupigia debe sina. Ninachosema ni kwamba nyumba nyingi huku kwetu zina kaunta ya zege, na chakula chetu ni ugali. Hobu za dukani nyingi zimebuniwa kwa kaunta ya mbao na mtu anayekaanga mayai mawili asubuhi. Shida karibu zote zinatoka hapo.

Nianze na tundu. Hobu ya sentimita 60 yenye vichomeo vinne mara nyingi hutaka tundu la karibu milimita 560 kwa 490. Nimesema karibu, kwa sababu kila modeli ina yake, na vipimo unavyoviona kwenye tangazo huwa ni vya uso wa juu, si vya tundu. Mimi dukani waliniandikia kipimo nyuma ya risiti. Boksi lilipofunguliwa nyumbani, karatasi ya maelekezo ikasema kingine kabisa, tofauti ya upana wa kidole. Kwenye mbao hilo si neno, seremala anapitisha msumeno tena. Kwenye granaiti, kidole kikizidi umenunua granaiti nyingine. Ndiyo maana nasema hobu yenyewe iwe imelala pale juu ya kaunta siku ya kukata.

Sasa hesabu ya slabu, yaani hiyo kaunta ya zege. Kina cha kaunta ya kawaida ni sentimita 60. Toa 49 za tundu, zinabaki 11 za kugawa mbele na nyuma. Mbele unabaki na ukanda wa zege wa sentimita tano na kitu, na ndani yake labda kuna nondo moja. Slabu hizi hulala juu ya vijiukuta vya tofali, na nondo hukimbia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ukikata katikati umezikata nondo zote za kati, na ule ukanda mwembamba wa mbele ndio unabeba kila kitu, pamoja na shemeji anayependa kuegemea kaunta akipiga hadithi.

Fundi wangu ni mzee wa Kibuye asiyekubali kuharakishwa. Kabla ya kugusa chochote alikaza vipande viwili vya mti chini ya slabu. Akaigeuza hobu kichwa chini juu ya kaunta, akachora, akapima tena kwa karatasi. Pembe nne alizitoboa kwa drili kwanza, ndipo greinda ikatoka tundu hadi tundu. Pembe kali ndiyo ufa hupenda kuanzia, na diski ikipitiliza pembe hata kidogo, ule mkwaruzo hutembea polepole hadi siku moja unaona mstari kwenye vigae. Kijana wake alikuwa anamwagia maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Zege lilikuwa likitoa tope la kijivu tu, kimya kimya, mpaka diski ilipofika kwenye nondo: mlio ukapanda, cheche ndefu za manjano zikaruka hadi mlangoni. Akasimama, akaangalia nondo imelala upande gani, ndipo akaendelea. Baada ya hapo akafunga chuma cha pembe chini ya ukanda wa mbele, kutoka ukuta hadi ukuta, na ile miti ikatolewa mwisho kabisa.

Kisha klipu. Zile zinazokuja kwenye boksi hushika kaunta ya unene wa sentimita tatu au nne. Slabu na vigae vyake inakaribia kumi. Hazifiki. Mafundi wengi watakwambia "weka silikoni tu". Usikubali hobu igandishwe kwa silikoni pande zote, kwa sababu siku ya kuitoa kwa matengenezo utavunja kitu. Ule utepe laini unaokuja nayo ndio huzuia maji ya juu. Kwa kuishika, tulifunga vipande vya chuma cha pembe kwenye kingo za ndani za tundu, na klipu zikapata pa kung'ata.

Tuje kwa ugali. Kaunta ina sentimita 90 kutoka sakafuni. Ongeza vyuma vya kushikilia sufuria, tano. Ongeza sufuria ya ugali wa watu kumi, ishirini na zaidi. Mdomo wa sufuria uko kifuani sasa, na mpishi anashika mwiko mikono ikiwa juu. Nguvu ya kusonga hutoka mgongoni mtu akiwa ameinama. Mikono ikiwa juu unaisukuma sufuria kando badala ya kuukandamiza unga, na sufuria ikienda, vyuma vinakwenda nayo, vinakwaruza kioo. Kama slabu bado haijamwagwa, ushushe upande wa hobu hadi sentimita 80 hivi. Yangu imekuwepo tangu nyumba ijengwe, kwa hiyo hobu inasonga ugali wa watu wanne watano. Wageni wakijaa, sufuria kubwa inakwenda jiko la chini, baraza la nyuma, kama zamani.

Kwa sababu hiyohiyo sikuchukua ya kioo. Inapendeza kwenye picha, sikatai. Lakini sufuria pana inayovuka kichomeo hurudisha joto chini, na kioo kilichokazwa hakipasuki ufa mmoja kikakuonea huruma, humwagika chote kama chenga za mchele. Nilichukua ya chuma cha pua, yenye vyuma vizito vya kusubu vyenye miguu inayoingia kwenye vishimo vyake. Dukani vitikise kwa mkono. Vikicheza dukani, kwa ugali vitacheza zaidi.

La mwisho, hasa kwa sisi wa Kisumu. Alasiri upepo wa ziwani ukianza, dirisha la jikoni likiwa wazi nyuma ya hobu, moto mdogo unazimwa na gesi inaendelea kutoka. Tafuta hobu inayojifunga moto ukizimika. Utaijua kwa kuangalia kando ya kila kichomeo: ukiona kijiti kimoja tu cheupe, hicho ni cha kutoa cheche na basi. Ukiona na cha pili chenye ncha ya chuma, hicho huhisi joto na kuifunga gesi moto ukipotea. Hobu hiyo ukiwasha lazima uendelee kubonyeza kitufe sekunde chache kabla ya kuachia. Watu wengi huiona mbovu kwa sababu hiyo wanairudisha dukani.

Karibuni kwa maswali.

#2 Binti_Kiamunyi

Asante kwa darasa. Hapo kwa shemeji anayeegemea kaunta umenimaliza 😂

Swali: mimi niko Nakuru, tunabomoa jikoni mwezi ujao. Mume wangu anataka ya umeme, ile ya induksheni inayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, anasema gesi ni mambo ya jana. Nyumba ni ya zamani kidogo. Itawezekana?

#3 Stima_Lurambi

Mimi ni fundi wa stima, nimesajiliwa EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya), kwa hiyo nianze kwa kumgombeza mwanzisha uzi. Kumwaga maji karibu na greinda ya stima ni hatari. Mkikata kwa maji, greinda iwe kwenye sakiti yenye ile breka inayokata stima ikivuja, na waya upite juu ya bega, usilale kwenye tope. Vinginevyo kateni kavu, madirisha wazi, na kila mtu avae barakoa inayozuia vumbi kwelikweli. Vumbi la zege na granaiti linakaa kwenye mapafu halitoki.

Binti, inawezekana, lakini sikiliza. Hobu ya induksheni ya vyungu vinne hufika wati 7,200 ukiwasha yote. Gawanya kwa volti 240, hiyo ni ampea 30. Soketi ya kawaida na plagi yake ya pini tatu mwisho ni ampea 13, yaani wati kama 3,100. Kwa hiyo ukiona mtu anafunga hobu kubwa kwa plagi, mfukuze. Inataka waya wake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye kasha la breka, breka ya ampea 32, na swichi yake ukutani. Nyumba nyingi za zamani za Nakuru zina ile swichi kubwa nyekundu ya jiko pale jikoni. Ukiwa nayo umepata bahati, lakini ifunguliwe kwanza tuone waya nyuma yake ni upi. Nimefungua nyingi nikakuta waya wa soketi.

Halafu uliza bafuni kuna nini. Shawa ya kupasha maji papo hapo inakula ampea 20 na zaidi. Mtu akioga wakati unapika chakula cha jioni, nyumba inavuta ampea 50. Breka kuu itakwambia.

#4 Binti_Kiamunyi

Swichi nyekundu ipo! Na sufuria zangu? Nina za aluminiamu tupu, zile za kawaida.

#5 Stima_Lurambi

Chukua sumaku ya friji, iweke chini ya sufuria. Isiposhika, induksheni haitaiona kabisa. Aluminiamu haishiki. Kwa hiyo bei ya hobu ujumlishe na bei ya sufuria mpya, zenye chini bapa. Ile ya ugali iliyobonyea katikati kwa miaka ya kusongwa, hata ingekuwa ya chuma ingekupa shida.

#6 Mzee_wa_Bahati

Vijana mnapenda gharama. Mtungi wa kilo 6 na kichomeo chake juu, kigoda kidogo, unasonga ugali umekaa ukisikiliza redio. Nani alisema ugali upikwe umesimama?

#7 Mamboleo_Juu

Mzee shikamoo. Kwa urefu wa kusongea sina ubishi na wewe hata kidogo, na baraza langu la nyuma linakuunga mkono. Ila ule mtungi uko chini ya moto moja kwa moja na watoto wanakimbia ndani ya nyumba. Hilo ndilo lilinitoa huko.

#8 Mzee_wa_Bahati

Marahaba. Watoto wakae nje wacheze.

#9 Section58

Naomba msaada wenu. Kaka yangu alituma hobu ya gesi kutoka Uingereza, nzuri sana, vichomeo vitano. Fundi ameunganisha na mtungi wa kilo 13. Moto unatoka mrefu, wa njano, na sufuria zinakuwa nyeusi tii kama tunapikia kuni. Fundi anasema gesi ni chafu, tumebadilisha mtungi, bado. Shida ni nini?

#10 Mwalimu_Webuye

Gesi haina makosa. Uingereza majumbani wanatumia gesi asilia inayokuja kwa bomba, na shinikizo lake ni dogo, milibaa 20 hivi. Sisi tunatumia gesi ya mtungi, na regulata ya nyumbani inaitoa kwa karibu milibaa 30. Tena gesi ya mtungi ina nguvu zaidi kwa ujazo uleule. Kwa hiyo nozeli za kule, vile vijipande vinavyotoa gesi kwenye kichomeo, zina matundu makubwa mno kwa gesi yetu. Gesi inatoka nyingi, hewa haitoshi, moto unakuwa wa njano na masizi juu. Si masizi tu, moto wa hivyo unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo acheni kuitumia mpaka irekebishwe.

Ondoa vifuniko vya vichomeo, angalia katikati chini, utaona kijipande cha shaba chenye namba ndogo. Namba hiyo ni upana wa tundu kwa mia za milimita. Za gesi asilia mara nyingi ni 72 kwa kichomeo kidogo, 97 kwa cha kati, 115 au zaidi kwa kikubwa. Za mtungi ni kama 50, 65 na 85. Hobu nyingi huja na kifuko cha nozeli za pili kwenye boksi, muulize kaka yako kama alikitupa. Zinafunguliwa kwa spana ya boksi ya milimita 7 mara nyingi. Kisha kuna skrubu ndogo ya moto wa chini ndani ya kila kitufe, nayo lazima irekebishwe, na hapo ndipo uite fundi wa gesi anayejua, si yule wa kwanza.

#11 Section58

Mwalimu!! Nimeangalia vichomeo vinne sasa hivi. 97. 97. 72. 117. Na hicho kifuko cha nozeli kiko kabatini, mke wangu alidhani ni vipuri vya cherehani.

#12 Mamboleo_Juu

Hii ya nozeli ilistahili kuwa kwenye chapisho langu la kwanza. Wanaonunua hobu za mtumba kutoka nje, someni namba 10 mara mbili.

#13 Binti_Kiamunyi

Sasa mume amesoma uzi wote na bado anataka induksheni 😩 Anasema itashinda gesi kwa bei. Kweli?

#14 Mwalimu_Webuye

Fanyeni hesabu wenyewe, bei zikibadilika hesabu inabaki. Kilo 13 za gesi zina nishati ya kama uniti 165 za stima. Lakini moto wa gesi nusu yake inakwenda hewani pembeni mwa sufuria, kwa hiyo zinazoingia kwenye chakula ni kama 80. Induksheni hupoteza kidogo tu, inaingiza kama asilimia 85. Kwa hiyo mtungi mmoja wa 13 ni sawa na karibu uniti 100 za induksheni. Chukua bei ya kujaza mtungi kwenu, gawanya kwa 100, linganisha na unacholipa kwa uniti moja ukijumlisha kodi na makato yote ya tokeni.

Angalieni jambo moja. Wastani wa matumizi ukivuka uniti 100 kwa mwezi mnaingia bendi ya bei ya juu, na bei hiyo inagusa hata taa na friji. Nyumba iliyo kwenye uniti 60 leo ikihamishia upishi wote kwenye stima itavuka.

Na ninyi wa Nakuru mko mita 1,850 na ushei juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenu yakifika nyuzi 94 hivi. Maharagwe na githeri vitachukua muda wake, iwe gesi iwe stima. Nunueni sufuria ya presha kabla ya kugombana.

#15 Stima_Lurambi

Kuna hobu zenye vichomeo vitatu vya gesi na sahani moja ya stima. Sahani moja ni wati 1,500 au 2,000, soketi ya kawaida inaiweza. Stima ikipotea unapika, gesi ikiisha usiku unapika. Ndoa inapona pia.

#16 Binti_Kiamunyi

Hiyo ndiyo tunachukua. Mume amekubali, amejifanya ni wazo lake 😂 Mamboleo, mtungi wenyewe umeuweka wapi? Seremala ametuchorea ukae kwenye kabati chini ya hobu.

#17 Mamboleo_Juu

Wangu uko nje. Tulitoboa ukuta, tukapitisha bomba la shaba ndani ya kipande cha bomba la plastiki ili ukuta usilikwaruze, na vali ya kufungia iko ndani, mahali mkono unafika bila kupita juu ya moto. Nje kuna kizimba cha chuma chenye kufuli, maana mitungi huku ina miguu. Kizimba kiwe wazi chini, na kisikae juu ya mtaro wala karibu na shimo la maji taka, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kujikusanya chini.

Kwa sababu hiyohiyo, kama hamna njia na lazima ukae kabatini, usikae chini ya hobu moja kwa moja. Uwe kabati la kando, na seremala atoboe matundu ya hewa chini kabisa ya mlango, usawa wa sakafu. Wao hupenda kuyaweka juu kwa urembo. Juu hayasaidii.

Mpira kutoka kwenye mtungi una tarehe imechapwa juu yake, isome kabla ya kulipa. Ukishaunganisha, povu la sabuni kwenye kila kiungo, vali ikiwa wazi na moto umezimwa. Kiungo kinachopuliza mapovu kinafunguliwa na kufungwa upya.

Na mwambie seremala kofia ya kuvuta moshi isishuke chini ya sentimita 75 juu ya vichomeo vya gesi. Ile michoro yao huiweka karibu ionekane vizuri na kabati.

#18 Section58

Mrejesho: fundi mwingine amekuja leo asubuhi, amebadilisha nozeli zote tano. Moto ni wa bluu, mfupi, hauna kelele. Kile kichomeo kikubwa cha katikati bado kina ncha za njano kidogo.

#19 Mwalimu_Webuye

Hicho cha pete tatu mara nyingi kina kidirisha cha hewa chini chenye skrubu. Mwambie akifungue kidogo kidogo mpaka ncha zipotee. Moto ukianza kuruka juu ya kichomeo amezidisha, arudishe nyuma nusu mzunguko.